Swali la Nne

Jumanne usiku, Sudbury. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Tuko sita, orofa ya chini ya kanisa la Wafini,
radieta inakohoa kama mvuta kiko.
Nagawa karatasi: gazeti la Julai, mwaka sabini na moja,
nakala ya nakala, picha imegeuka doa
la watu wawili walioinamia jiwe.

"Someni mara mbili, ndipo mjibu."
Ndivyo kitabu cha mwalimu kinavyoagiza, nami hukitii.
Swali la kwanza: wanaanga walikuwa wangapi?
La pili: walivaa nini?
(Kofia za jua na buti, kama wapima ardhi.
Simone alitarajia mavazi meupe; amenuna kidogo.)
La tatu: tafuta neno lenye maana ya "bila uhai".

Onni Kivelä husoma kwa kidole,
kidole kisicho na ncha; ncha ilibaki kwenye shimo la nikeli.
Miaka sabini na mitatu. Kusoma kote alimwachia Aune:
bili, barua, majina kwenye karatasi ya kura,
hata maelekezo ya dawa iliyoshindwa kumponya mwenyewe.
Tangu Septemba bahasha zinalala kwenye droo ya mkate.

Swali la nne: kwa mujibu wa habari hii,
kwa nini wanaanga walikuja Sudbury?
Penseli zinakwaruza. Jibu liko wazi, mstari wa sita:
kwa sababu nchi hii imekufa, nyeusi, tupu,
hakuna mahali duniani panapofanana zaidi na mwezi.

Onni anarudi mstari wa sita. Anarudi tena.
Midomo yake inatafuna kila silabi kama mkate mkavu.
"Hii," anasema, "Aune hakunisomea."

Penseli zinatua.

"Mimi ndiye niliyeendesha lori lao siku ile.
Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mmoja aliniita,
akanionyesha jiwe lenye mistari iliyotawanyika kama mkia wa farasi.
Akasema: kitu kilianguka hapa kutoka juu,
zamani, kabla hapajawa na jicho la kukitazama.
Hicho ndicho walichofuata. Huo weusi wa juu juu
ni moshi wetu wenyewe, wa kuchoma madini,
uliotoboa hata shuka za mama kwenye kamba."

Jioni ile Aune alimsomea gazeti hili mezani,
supu ya samaki ikipoa:
wageni wamefurahi, wageni wamejifunza mengi,
na wanamshukuru dereva, kijana makini wa hapa hapa.

"Iko wapi ile ya dereva?"
Kidole kinashuka safu ya kwanza, kinapanda ya pili,
kinapita tangazo la matairi, kinagonga ukingo.
"Mwalimu, kuna ukurasa wa pili?"
Hakuna ukurasa wa pili.
Najua, nami nachelewa kulisema.

Halyna anajifanya anatafuta kifutio.

Kisha mzee anacheka, kicheko kidogo cha puani,
cha mtu aliyekuta noti kwenye koti la zamani.
"Karibu miaka arobaini na tisa," anasema. "Mwizi yule."

Kitabu cha majibu kimeandika: alama moja, "nchi imekufa".
Hakisemi lolote juu ya sentensi iliyorukwa
wala ile iliyochomekwa.
Kalamu yangu nyekundu imo mkobani, na ikae humo.

Onni amevuta karatasi karibu. Pembeni mwa picha,
pale palipobaki peupe kidogo, anaanza kuandika,
anakwama, anainua uso:
"Dereva. Baada ya R ni nini?"
"E," namwambia.